Ngazi Tisa za Nyumba ya Babu Fundi

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba nyumba ya Babu Fundi pale Lipangalala ilijengwa juu ya mgongo wa kiboko aliye hai. Siyo kiboko wa mfano. Kiboko mwenyewe, mwenye meno, aliyelala chini ya msingi tangu lilipowekwa tofali la kwanza, na ambaye kila masika, mafuriko yakija, alivuta pumzi akaiinua nyumba kiasi cha kiganja kimoja isimezwe na tope. Habari hizo nilipewa na muuza samaki sokoni Ifakara, naye alipewa na mtu wa Malinyi aliyewahi kumsikia kiboko huyo akikoroma. Mimi nikaziongezea chumvi kidogo, kama debe mbili hivi, nikawapa wageni wasiopungua elfu kumi. Mke wangu anasema hawakufika mia mbili. Mke wangu hakuwepo.

Wala usinicheke upesi, maana ushahidi nilikuwa nao. Nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa zinazama. Mto Lumemo ukifurika huleta tope, tope likikauka linakuwa ardhi, na ardhi inapanda ukutani mwaka hadi mwaka mpaka siku moja mwenye nyumba anajikuta anainama kuingia mlangoni kwake mwenyewe. Jirani yetu mmoja madirisha yake yalikuwa yamefika usawa wa magoti, na kuku wake walikuwa wakipita dirishani kama wapangaji. Lakini nyumba ya Babu Fundi ilikuwa na ngazi tisa mbele. Sebuleni ilitundikwa picha ya zamani ya Babu Fundi mwenyewe, kofia mkononi, amesimama juu ya ngazi ya tisa, na nane nyingine zinaonekana chini yake bila shida. Ukitoka nje ukahesabu, tisa. Mwaka kesho ukirudi, tisa. Isitoshe, uwanja wa mbele ulikuwa umebonyea kama sinia. Ukitoka barabarani unateremka kwanza ndipo uzikute ngazi, na mimi niliwaambia wageni kwamba pale ndipo kiboko anapogeuzia ubavu. Elimu yangu wakati huo ilikuwa kidato cha pili cha masomo ya jioni, na hesabu ilikaa sawasawa kichwani: nyumba zote zinazama, hii haizami, kwa hiyo kuna kitu kinaiinua.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu Mlimba, ninakoishi sasa, nikaambiwa Mama Skola, mwenye nyumba ile, amefariki. Nikapanda treni kwenda Ifakara kumzika, na njia nzima, mashamba ya mpunga yakipita dirishani, nilikuwa nakumbuka mwaka mmoja tu kati ya yote niliyopewa. Ya kuzaliwa kwangu na ya ukoo wangu nayaacha. Walionizaa wanayajua na wengine hayatawasaidia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Mchana nilikuwa nawasaidia watu kuuza mchele sokoni, jioni nilikwenda darasani, sisi watu wazima na ndevu zetu tumekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika masikioni. Siku moja nilikuwa namweleza mteja sifa za mchele ambao wala haukuwa wangu, jinsi unavyonukia mpaka majirani wanakuja kusalimia bila sababu, mara nikaona mama mmoja mfupi, mwembamba, amesimama pembeni na kikapu chake, ananisikiliza mpaka mwisho. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, “Kijana, mdomo huo unalala wapi?”

Ndivyo nilivyopata kazi ya kupokea wageni. Mama Skola alikuwa mjane wa mtoto wa mwisho wa Babu Fundi, yule fundi mwashi aliyejenga makanisa bondeni kote na mwishowe akajijengea nyumba ya ghorofa, ya matofali ya kuchoma, enzi ambazo ghorofa Lipangalala ilikuwa kama meli iliyopotea njia. Mjane alikuwa akikaa peke yake humo. Krismasi na Pasaka wana wa ukoo walikuja kutoka Dar es Salaam na Morogoro na marafiki zao, na katikati ya sikukuu walipita watu wengine waliosikia habari za nyumba, au waliokuwa wanasubiri kivuko cha kwenda Mahenge, maana daraja lilikuwa bado. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea, kuwaonyesha vyumba na kuzungumza. Kazi ya Mama Skola ilikuwa yote iliyobaki.

Nimelala katika nyumba nyingi tangu wakati huo, na nyingine zilikuwa na feni, lakini ile haijapata mpinzani. Sakafu ya chini ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa mpaka ukiinama unaona kama umenyoa vizuri. Ngazi ya ndani ilikuwa ya mninga, haipigi kelele hata ukipanda na gunia. Juu kulikuwa na vyumba vinne vilivyowahi kuwa ghala, na baada ya miaka yote hiyo mbao zake zilikuwa bado zinanukia mpunga mpya. Wageni walikuwa wakiamka na njaa bila kujua kwa nini. Kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa, ulining'inia mtumbwi, na hakuna aliyekumbuka ulishushwa lini mara ya mwisho. Jiko lilikuwa nje, na nyuma ya jiko palikuwa na kilima cha bustani, kilima kabisa katika mji ulio tambarare kama chapati, kinaota mchicha wa kufika kiunoni na maboga ya kubebwa na watu wawili. Nilipouliza hicho kilima kilitoka wapi, Mama Skola alisema kimekua.

Mgeni alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alinawa miguu kwenye pipa lililowekwa uwanjani, awe mkulima awe mheshimiwa. Kisha alipanda zile ngazi akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na Mama Skola amesimama juu mlangoni anamngoja. Akifika, mama anauliza, “Ngapi?” Mgeni anajibu, “Tisa.” Naye anasema, “Karibu ndani. Nyumba ipo.” Nimewaona wazee wenye vyeo, wenye vitambi vya heshima, wakihesabu kama watoto wa chekechea, na nimemwona mmoja akirudishwa chini aanze upya kwa sababu aliruka ya nne. Baada ya hapo mama alikupa mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kama gome la mti. Nilidhani ni wa uzee. Asubuhi nikishuka, na nakiri nilikuwa mtu wa kushuka saa moja na nusu, nilimkuta amekwisha chemsha chai, upindo wa kanga yake una tope. Nilidhani ni bustani.

Pasaka ya mwaka ule walikuja wageni thelathini, au tuseme kumi na wanne, na wakubwa wao walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mjukuu wa Babu Fundi, anajenga barabara huko Dar es Salaam, kwa hiyo ukoo mzima, hata mama yake mzazi, ulimwita Injinia. Alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu mfukoni. Wa pili alikuwa Shangazi Dafroza wa Morogoro, ambaye maneno yote Injinia aliyoyabana alikuwa akiyatumia yeye. Walifika Jumatano, wakanawa, wakahesabu tisa. Mama Skola akawaandalia pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukiwa moto mpaka ukalala bapa, umechanganywa na nazi na sukari. Watoto wa Dar es Salaam wakauliza unatoka kwenye boksi gani. Nikawaambia boksi lake lina ukubwa wa bonde zima na limejaa viboko, na kuanzia dakika hiyo nikawa na wafuasi.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilikuwa juu natandika vitanda. Mbao zile zilikuwa hazifichi siri. Aliyekohoa sebuleni ulimsikia kama yuko kando ya kitanda chako. Nikamsikia Injinia akiwaeleza wenzake taratibu, kama anayesoma, kwamba mtaa wote unazama na nyumba hii nayo zamu yake inakuja, kwamba ukoo hauna nguvu ya kuitunza, na kwamba ni heri ivunjwe matofali yakiwa bado mazima, wagawane. Shangazi Dafroza hakuhitaji kushawishiwa. Mlango wa mbele alikuwa amekwisha upima kwa kitenge chake asubuhi na ulikuwa unaenea kabisa kwake. Mtu akataka ngazi ya mninga. Mwingine akauliza madirisha ya juu ni ya nani. Nikasikia sauti ya kike, ya mmoja wa wakwe, ikiuliza Mama Skola atakaa wapi, na Shangazi akajibu kwamba atazunguka kwa watoto, miezi miwili hapa, miezi miwili pale. Kama lile sufuria kubwa la ukoo la kupikia msibani, nikawaza, na mto niliokuwa nauvalisha nikaukaba shingo.

Hapo Mama Skola akaingia na birika la chai. Nilijua kwa sababu wote walinyamaza. Nikasikia vikombe, kimoja kimoja, kumi na moja, ndipo akasema. “Mkwe wangu alisema siku ngazi zikipungua nyumba hii ivunjwe, asibishe mtu. Lakini zikiwa tisa iachwe. Siku ya Pasaka mkitoka misa, hesabuni wenyewe. Zikipungua nitafunga mzigo wangu.” Injinia akasema ni haki. Shangazi akasema chai haina sukari.

Mvua ilianza saa hiyohiyo. Nimeona mvua nyingi bondeni, lakini ile ilinyesha kama inalipiza kisasi. Ijumaa Kuu asubuhi uwanja ulikuwa mto, na sote tulikuwa tumehamia juu na majiko na magodoro. Kanisani hapaendeki, basi Mama Skola akatuongoza Njia ya Msalaba humohumo, vituo kumi na vinne, kutoka dirisha hadi mlango, mlango hadi pipa la maji, hadi picha ya Babu Fundi aliyokuwa amepanda nayo kwapani. Alipiga magoti kila kituo, na kila akiinuka nilimwona akitupa jicho dirishani kwenye ngazi. Mchana niliwasimulia watoto habari za kiboko, wakalaza masikio sakafuni, wakaapa wanamsikia anapumua. Injinia alikuwa amekaa pembeni na kalamu yake. Akaniuliza huyo kiboko wangu ameajiriwa na nani, na likizo anachukua lini. Nikamjibu kwamba likizo yake ni kiangazi, sasa yuko kazini, na yeye Injinia asubiri. Watoto wakanipigia makofi. Nilikuwa naamini kila neno.

Maji yalipanda mpaka ngazi ya tano, yakakaa hapo, yakafikiri, na alfajiri ya Jumamosi yakaondoka. Yaliacha tope zito, jeusi, linang'aa kama mgongo wa kambale. Injinia akasimama mlangoni, akahesabu kushuka chini. Akahesabu tena kupanda. “Sita,” akasema, na namshukuru kwamba hakucheka. Shangazi Dafroza akakitafuta kitenge chake. Mama Skola alifunga kanga yake vizuri akaenda jikoni kupika uji. Mimi, naona haya kuliandika lakini nimeahidi kusema kweli kadiri ninavyoweza, nilisubiri watu watawanyike, nikachutama kwenye ile ngazi ya chini iliyobaki, nikaigonga kwa vidole. Nikasema, baba, amka, mama atageuzwa sufuria.

Siku ya Pasaka tulitoka asubuhi kwenda misa, viatu mkononi. Mama Skola akasema mguu unamuuma, tutangulie. Hilo lilinitisha kuliko mafuriko. Mama yule mvua haikuwahi kumzuia misa ya siku ya kawaida, sembuse Pasaka. Nilidhani amekata tamaa na hataki watu wamwone. Kanisani palijaa mpaka wengine walikuwa wanasali kwa kuchungulia. Padri alipoanza mahubiri nikamwona Injinia, aliyekaa benchi la nyuma, akishika tumbo na kutoka. Nikajisemea, uji wa mafuriko huo. Baada ya misa kulikuwa na ubatizo, watoto wapatao mia mbili, na baada ya ubatizo tukapitia kwa wakwe wa Shangazi jirani na kanisa, wakatukalisha wakatulisha, hata tunarudi nyumbani ilikuwa saa kumi na kitu.

Watoto ndio walioona kwanza. Walikimbia mbele, wakasimama, wakaanza kuhesabu kwa kelele. Ngazi zilikuwa zimeoshwa, bado mbichi, na zilikuwa tisa. Uwanja ulikuwa umebonyea kama kawaida yake. Tope lilikokwenda hakuna aliyeuliza. Nyuma ya jiko mchicha wote ulikuwa umefukiwa, tukasema masikini, mafuriko. Shangazi Dafroza alihesabu mara tatu, mara ya mwisho ameinama anagusa kila ngazi kwa kidole kama anayechagua nyanya. Juu kabisa alikuwa amekaa Mama Skola, anamenya vitunguu.

“Ngapi?” akauliza.

Shangazi akajipangusa kidole kwa kitenge. “Tisa, wifi.”

“Karibuni ndani. Nyumba ipo.”

Pilau ilichelewa siku ile, jua lilikuwa linazama ndipo ikaiva, na ilikuwa imeungua chini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jiko la Mama Skola. Nikaila kama ya harusi. Injinia alikuja mezani amevaa msuli. Suruali yake ilikuwa imefuliwa, inaning'inia kwenye kamba. Tulikuwa tunakula kwa mkono, sinia moja watu wanne, yeye akaomba kijiko. Shangazi akamwambia Dar es Salaam imemharibu, hata pilau anaogopa kuishika. Injinia akala kwa kijiko chake. Vyombo vilipoondolewa ndipo wakakaa kikao chao, na kilikuwa kifupi kuliko kikao chochote cha ukoo kilichowahi kukaliwa bondeni. Injinia alisimama. “Tumehesabu wote. Ni tisa. Nyumba haizami. Mimi sivunji, na atakayetaka kuvunja aanze na mimi.” Akakaa. Mama Skola alikuwa akiangalia mikono yake mapajani. Mimi nilitoka nje na bakuli la uji uliobaki, nikaumimina taratibu kwenye ngazi ya kwanza, nikamwambia kiboko ahsante.

Masika iliyofuata nilikuwa nimekwisha hamia Mlimba, kwa hiyo mafuriko makubwa pale nimeyaona mara moja tu. Masomo niliyamaliza hukohuko, cheti ninacho, kimewekewa kioo. Nimefanya kazi nyingi na nimeheshimika kiasi, ila hakuna mahali nilipojifunza kumkaribisha mtu kama pale juu ya ngazi, na mpaka leo anayekuja kwangu ananawa miguu kwanza, mke wangu apende asipende. Kila nilipotaja nyumba ile nilimtaja na kiboko. Umri ulivyosogea nilianza kumtaja huku nacheka, lakini moyoni sikumfukuza. Mtu akishaona kwa macho yake sita zikigeuka tisa, cheti hakimsaidii.

Tulimzika Mama Skola siku ya Alhamisi, watu wengi sana, na safari hii sitaji idadi kwa sababu hata nikisema kweli hamtaniamini. Nililala chumba changu cha zamani. Asubuhi nikashuka, saa moja na nusu kama desturi, nikatoka mlangoni, na ndipo nikaona kitu ambacho kwenye umati wa jana sikukiona. Ngazi zilikuwa tano. Uwanja ulikuwa umejaa, uko sawa na barabara, na majani yameota. Mama Skola alikuwa ameugua miaka mitatu kitandani. Nikasimama pale, nikaona kwamba yule mnyama naye amekwenda na mwenye nyumba wake.

Kisha nikasikia kishindo kidogo upande wa chini. Injinia, mzee sasa, mvi kichwa kizima, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa analima tope mbele ya ngazi kwa jembe lililolika mpaka limebaki kama kisahani cha chai. Kando yake kulikuwa na ndoo mbili. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikajitahidi kuchangamka, nikamuuliza, “Injinia, unamfukua kiboko?”

Akasimama akaegemea mpini.

“Hapakuwa na kiboko, Berti. Mama mdogo alikuwa anaondoa tope kila mwaka, alfajiri, kwa jembe hili, anakwenda kulimwaga nyuma ya jiko. Siku ile ya Pasaka nilirudi kuhakikisha hesabu yangu nikamkuta peke yake. Nikambebea ndoo mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Akaniomba nisikwambie, kwa sababu wageni walikuwa wanaipenda hadithi yako.”